Kifuniko cha Sufuria Kwenye Uwanja wa Udongo

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha ndege za mizigo, mkuu wa kambi, kanali mmoja mkali kama pilipili, hakunionyesha ndege. Alinipeleka kwenye mzani wa magunia.

"Kapiteni, adui anaweza kukukosa," alisema. "Kilo haikukosaka hata siku moya."

Nilicheka. Vita vilipoanza nilikuwa meja, mkuu wa safari za kupeleka risasi na unga na kurudi na majeruhi, na kicheko kikaisha. Kila ndege ilipochelewa nilisimama nje nikitega sikio angani. Mpaka leo, hapa Likasi, nikisikia mngurumo juu ya mtaa wa Kakontwe naacha kula, nasikiliza kama injini ni nzima.

Ninyi vijana mnadhani rubani ndiye kila kitu. Kwetu aliyeogopwa ni arrimeur, mtu wa kupanga na kufunga mizigo. Uzito ukizidi nyuma, mkia unalala, pua inapanda, na ndege inaanguka. Ndivyo ilivyo, hata uwe na rubani hodari namna gani.

Na jeshi letu halitembei bila familia. Askari akihamishwa, mke, watoto, godoro na vyombo vinamfuata hata karibu na mapigano. Basi uwanja mmoja wa udongo huko mashariki ukazingirwa, nasi tukatumwa kuwatoa wanawake na watoto. Waume walibaki kuulinda. Tungerudi kuwachukua kesho yake asubuhi.

Nilikwenda mwenyewe, nikakaa mbele na rubani. Hatujamaliza kupakia, mizinga ikaanza kulia milimani.

"Mon commandant, tuko bazito sana," arrimeur aliniambia, jasho likimtoka.

Nikaamuru vyombo vyote vishuke. Mama mmoja aling'ang'ania sufuria yake mlangoni.

"Sufuria ya ndoa yangu, Papa!"

"Iache, Mama. Bwana yako ataileta kesho."

Ndege ilipoanza kukimbia ili ipae, wanawake wote wakainuka, wakaenda nyuma. Huko kwenye mlango ndiko kulikokuwa na dirisha pekee la abiria, nao walitaka kuwaaga waume zao. Nikahisi pua inapanda kabla ya wakati wake. Nikageuka, nikampigia arrimeur kelele.

"Barudi mbele! Bikale chini! Tutakufwa!"

Arrimeur alitandaza mikono, akawasukuma mbele huku wakilia. Tukapita juu ya miti kwa bahati ya Mungu tu. Hakuna aliyefika dirishani.

Asubuhi tulirudi. Redio ya uwanja haikujibu. Ulikuwa umeshatekwa, tukageuza ndege.

Nilistaafu nikiwa kanali. Watu hunipongeza kwa niliowatoa, nami hushukuru, lakini usingizi wangu unawajua walioachwa. Juzi, baada ya misa, Mama Kapinga, yule wa sufuria, alinizuia mlangoni pa kanisa. Miaka yote tumesali parokia moja, na miaka yote nimekuwa nikiliogopa swali lake.

"Papa Colonel, weye ulikuwa mbele, kwa vitre, ile kioo ya rubani. Ulibaona babwana betu?"

"Nilibaona, Mama. Balikuwa banakimbia pembeni ya avion. Moya alikuwa anainua kifuniko ya sufuria, inang'aa na jua. Balifungaka kitambaa nyekundu pale pa mushikio."

Alinishika mkono, akaketi polepole kwenye ngazi.

"Mushikio ilivunjikaka. Ile kitambaa, ni miye nilifunga."

Nikaketi kando yake. Watu walitupita wakienda nyumbani. Alilia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe aliniaga," akasema.