Nilimnyima Ng'ombe Penisilini Ili Mkwe Wangu Anywe Chai

Jumamosi moja ya Juni mwaka 1957, nilikuwa nikisugua birika la chai kwa majivu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, na hapo ndipo nilipokosea. Msomaji mpendwa, usinitafutie udhuru. Nimesoma chuo cha ualimu, nilijua ninachotenda!

Kesho yake ilikuwa siku ya kumwingiza mkwe wangu nyumbani. Kwetu, mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye mpaka siku hiyo atakapolishwa rasmi, na anachopewa hakatai. Nami kwa majivuno nilikwisha kuwatangazia wanawake wa ufukweni kwamba wengine hutoa samaki, mimi nitatoa chai ya maziwa. Ya ng'ombe wangu mwenyewe!

Ng'ombe naye akachagua juma hilohilo kuvimba kiwele.

Mkwe, ambaye ni msaidizi wa daktari wa mifugo, alimkagua huku mimi nimejifungia jikoni. Kisha akamtuma binti yangu Agnes.

"Mama, bwana yangu anasema hii aspirini ni ya kupunguza uvimbe na maumivu. Hii mirija ya penisilini njo dawa yenyewe, mutie ndani ya chuchu. Na maziwa yote mutupe mpaka yeye aseme."

"Nitupe? Na karamu?"

"Atakunywa maji! Eko mutu tu, haiko mufalme."

Nikaitikia, kisha nikaificha mirija kabatini, maziwa yasiingie dawa. Aspirini niliisaga, nikamnywesha ng'ombe kwa chupa. Lo! Asubuhi kiwele kilikuwa kimelainika, naye anacheua kwa raha zake. Nikajiambia amepona, penisilini ya nini? Nikakamua chuchu tatu zilizokuwa safi, nikachemsha maziwa vizuri, nikapika chai.

Mkwe alishika kikombe, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alijua maziwa yametoka wapi. Desturi ikamfunga mdomo, akanywa yote.

"Aksanti, Mama. Ni tamu."

Vigelegele! Nilivimba kuliko kile kiwele.

Wiki haikuisha, uvimbe ukarudi, mgumu kama jiwe. Aspirini ilikuwa imetuliza maumivu tu. Ugonjwa wenyewe ulibaki ndani. Mkwe alileta mirija mingine, akamwokoa ng'ombe, lakini chuchu ile iliyougua ikakauka kabisa.

Ndipo akapita Mama Febronia wa Kafutuma, mfugaji mwenzangu.

"Aa, mayo! Dawa ya mukwe wako njo imeua chuchu? Kwangu hataingia, hata akuje na padri!"

Nikacheka. Nilicheka, jamani, badala ya kusema kweli!

Maneno yakaenea, wafugaji wakamfungia malango. Agnes akanijia akilia kwamba mumewe huenda akaachishwa kazi.

"Na yeye anajitetea vipi?"

"Hajitetei, Mama. Anasema hawezi kumutaja mama mukwe wake mbele ya watu."

Ee Mungu wangu! Wiki kadhaa baada ya karamu ile, nilipeleka barua hii Kafutuma:

"Mama Febronia, mkwe wangu alitoa dawa mbili. Mimi nilitumia ile ya kushusha uvimbe, nikaificha ile ya kuponya, kwa sababu nilitaka sifa za chai. Uvimbe ukishuka, usidhani ugonjwa umekwisha. Maliza dawa, mwaga maziwa, hata wageni wakiwa mlangoni. Mfungulie kijana huyu lango. Na wakiuliza nani aliyemharibu ng'ombe wangu, wasomee barua hii kwa sauti, na jina langu usiliruke."