Masale Kando ya Kisima cha Mvuke

Baba mdogo Eliezeri ndiye aliyekuwa ramani yetu huku Masama. Wenye vihamba, mashamba yetu ya ukoo, wakigombania mpaka, anaitwa yeye. Anapita katikati ya migomba, anaonyesha mstari wa masale, mimea tunayopanda kuwa alama ya mpaka, na ugomvi unakwisha. Alikuwa na majivuno yake pia, sitampamba. Ukimwuliza jambo mara mbili, hasira zinampanda.

Kwa hiyo wachimbaji wa jotoardhi walipokuja kutoboa ardhi hadi kwenye maji ya moto, walimwajiri awaonyeshe mipaka. Walisema mvuke utatupa umeme, na joto la maji hayo litakausha kahawa iliyovunwa hata mvua ikinyesha wiki nzima. Mama yangu, Winfrida, alikubali kutoa kipande cha kihamba cha marehemu baba, kisha akaenda Moshi kumuuguza dada yake. Hakuwa na wasiwasi, Eliezeri yupo.

Mkubwa wa wachimbaji aliuliza kama pale kuna kaburi. Eliezeri alitazama masale yaliyosongamana, akajibu bila kusita kwamba ule ni mpaka. Akatia saini. Greda likafyeka, malori yakasomba udongo kwenda kufukia mashimo ya barabara.

Mama aliporudi alisimama kwenye uzio, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shemeji, mwanangu mmemhamishia wapi?"

Ndipo Eliezeri akakumbuka. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, baba akiwa safarini, yeye ndiye aliyemzika mtoto wa kwanza wa mama, kichanga cha siku tano. Msalaba haukuwekwa, alipanda masale mawili. Yakazaana mpaka yakaungana na yale ya mpakani. Hakudanganya, alisahau tu. Mimi hata sikujua kwamba nilikuwa na kaka, na nilimchukia baba mdogo kwa miezi kadhaa.

Alimletea mama jani la sale. Kwetu, anayeletewa jani hilo hana budi kusamehe. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalishika kidogo, kisha akamrudishia.

"Mimi nimekusamehe, shemeji," alisema. "Nenda kamwombe na yeye."

Leo kahawa inakauka, taa zinawaka mpaka kanisani, na mimi nafurahia kama wengine. Eliezeri ndiye mlinzi wa kisima. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Kando ya bomba, palipokuwa na kaburi, hupanda sale. Mmea huo hauna shida, hata ukiutupa kwenye mawe unaota. Pale haumalizi wiki. Udongo una joto, mizizi inaiva.

Jumamosi nilimkuta amepiga magoti, anang'oa mche ulionyauka. Nilimsihi apande mwingine nje ya uzio, kwenye udongo wa baridi. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kwetu hakuna anayekataa sale," alisema. "Huyu anakataa."

Akachukua mche mwingine, akaanza kuchimba palepale.