Koti la Chupa

Saa mbili asubuhi, nje jua limeshaanza kuchoma, lakini kwa baridi ya chumba chake fundi wa maabara amejifunga koti zito hadi kidevuni. Anafungua friji, anatoa chupa moja na kuisogeza kwenye mwanga. Maji yake hupaswa kuwa ya rangi ya chai nyepesi. Leo yamepauka.

Humo mna mimea ya bahari isiyoonekana kwa macho, iliyochotwa pembezoni mwa barafu ya ncha ya dunia. Huliwa na kamba wadogo, nao huliwa na samaki na nyangumi. Mama huyu wa watoto wawili ameilea kwa miaka kumi na mmoja.

Nyumbani hasalimiki na utani. Mumewe, fundi cherehani aliyemshonea koti hilo, huwaambia wageni kwamba mkewe aliolewa na friji, yeye ni mpangaji tu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika kutwa nzima. Barafu iliyoganda juu ndani ya friji ikayeyuka, ikadondokea chupa zilizozibwa kwa pamba. Chumvi ikapungua. Mimea mikubwa, iliyoungana kama shanga, ikazama; ile midogo kabisa ikatamalaki.

“Huko kwenye barafu yenyewe ndivyo inavyokuwa,” anamwambia mgeni aliyekuja kuitazama kazi yake. “Barafu inayeyuka, chumvi inapungua, wakubwa wanaondoka. Wadogo hawamshibishi kamba. Nilijua kwa kusoma. Nilipoiona ndani ya friji yangu, nililia.”

Chupa zote zilikufa isipokuwa hii. Pale mimea ilipochotwa hakuna barafu tena, hivyo hakuna pa kwenda kuchota nyingine. Mkuu wa maabara amemwambia kwa upole kuwa Ijumaa friji itapangiwa kazi nyingine. Alimjibu kwamba Ijumaa haijafika.

Kwa mrija mwembamba anavuta shanga chache kutoka chini, anazihamishia chupa safi, kisha anaongeza maji ya chumvi tone kwa tone. Akiharakisha, zitanyauka. Binti yake anapiga simu kuuliza kama amekula.

“Wakila hawa, nami nitakula.”

Anainamia hadubini, kisha anampisha mgeni wake achungulie. Uzi mmoja wa shanga za hudhurungi umerefuka tangu jana.

Kabla ya Ijumaa anataka kuigawa mimea hii mara mbili, chupa moja aihamishie friji ya nyumbani. Mumewe ameshapewa taarifa. Hakubisha, alichukua vipimo vya chupa, akakata kitambaa kizito na kukijaza pamba ili baridi isiiponyoke.

“Umeme ukikatika tena,” alisema fundi huyo wa cherehani, “uikute imevaa.”