Ubani ulivyotaka kuurudisha Japani mtambo wetu wa makaa ya mawe

Wakuu, hamjambo nyote, mliopumzika na mnaojifanya mko kazini.

Leo nimeamua kulitoa hili moyoni. Sitaongeza chumvi hata punje, maana lilivyo tu linanitosha kwa aibu. Anayebisha aje Kombani aulize, ila asinitafute kwa jina, nina mchumba.

Mimi ni fundi wa mitambo katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kwale. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu, ile ya kuomba dua kila inapokaribia kuisha.

Sasa, nchi yetu na Japani zikakubaliana kushirikiana kwenye teknolojia ya makaa ya mawe safi. Kwa wasiojua, makaa ya mawe ya kawaida yakiungua yanatoa moshi wa kukohoza mtaa mzima. Wenzetu wametengeneza tanuri lenye vichujio vinavyoukamata moshi kabla haujatoka nje.

Najua humu kuna wataalamu watakaosema hakuna makaa ya mawe safi duniani. Ndugu zangu tulieni, mtapewa nafasi kule kwenye comments. Mimi nasimulia yaliyonikuta.

Tanuri moja dogo la majaribio likaletwa chuoni kwetu. Likifaulu mbele ya wageni, linabaki Kwale na mimi naajiriwa moja kwa moja kuliendesha, kwa barua kabisa. Likifeli, linatiwa kwenye kreti linarudi kwao, na mimi narudi Kona ya Musa kutengeneza pampu za maji.

Wiki mbili nzima nalipangusa. Hata pikipiki yangu sijawahi kuipangusa hivyo.

Asubuhi ya siku yenyewe nikapita jikoni kwa Bi Mwanaisha. Huyu ndiye mkuu wa jiko pale chuoni, mama wa heshima zake, na tangu niingie pale kanichukua kama mwanawe.

"Shikamoo Bi Mwanaisha."

"Marahaba mwanangu. Hao wageni wako wafika saa ngapi?"

"Saa nne. Tafadhali tuwapokee kikwetu, wasije wakaona tumewadharau."

Kikwetu. Nimelitamka mwenyewe, kwa kinywa changu, hakuna aliyenilazimisha.

Sasa mtu wa pwani anajua. Mgeni wa heshima hapokelewi kwa hewa tupu. Chetezo kinatiwa makaa ya moto, juu yake ubani na udi, pahali pote panukie. Bi Mwanaisha akaenda kuandaa vitu vyake na mimi nikaenda kwenye tanuri langu.

Uwanjani palikuwa na hema, viti, na mbele ya viti meza yenye kitambaa cheupe kinachofika hadi chini. Juu ya meza hiyo Wajapani waliweka kipimo cha moshi chenye taa. Kijani, hewa ni safi. Nyekundu, hewa ni chafu.

Bi Mwanaisha akaona chetezo kikikaa njiani wageni watakikwaa. Kwa adabu zake akakisukuma chini ya ile meza, akapandisha kitambaa kidogo kwa nyuma kisiungue, akarudi jikoni kwenye mahamri yake.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye.

Saa nne wageni hao. Kiongozi wao Mhandisi Sato, mzee mpole, anainamisha kichwa kwa kila mtu hadi askari wa getini. Upande wetu alikuwepo afisa mmoja kutoka Nairobi, kavaa suti nzito, jua la Kwale linamkaanga.

Nikaliwasha. Bomba kimya, hakuna moshi. Watu wakapiga makofi. Mimi tayari najiona na barua mkononi.

Taa ikawa nyekundu.

Wajapani wakatazama bomba, safi. Wakatazama kipimo, nyekundu, na sasa kimeanza kulia pii pii pii.

Mhandisi Sato akanusa. Akafumba macho, akanusa tena. Kupitia kwa mkalimani wake akauliza, "Makaa yenu ya mawe hunukia hivi siku zote?"

Wakuu, hapa mtu mwerevu angesema ngojeni kwanza. Afisa wetu akanyoosha tai.

"Ndiyo. Makaa yetu ni ya kipekee. Hii ni maliasili."

Maliasili! Jamani!

Mtaniuliza, na wewe je, pua hukuwa nayo? Nilikuwa nayo, na harufu niliisikia vizuri sana. Lakini wallahi haikunipitia akilini. Mtu umekulia Msambweni, wageni wamekuja, ubani unanukia, tatizo liko wapi? Mimi nilikuwa bize nakaza boliti zisizo na kosa lolote.

Sato akaandika sana. Kisha mkalimani akatuambia, makaa haya yana kitu kigeni ambacho kichujio hakikiwezi, kwa hiyo tanuri linarudishwa Japani likachunguzwe. Mafundi wao wakaenda kulifuata kreti.

Nikaegemea meza, kitambaa kikavutika, nikachungulia chini.

Chetezo. Kinafuka kwa raha zake.

Nakiri mbele yenu, wazo la kwanza lilikuwa kukisukuma kando kwa mguu na kunyamaza. Nilikuwa nimeshanyoosha mguu kabisa.

Ndipo Bi Mwanaisha akatokea na kopo lake la udi na kijiko.

"Hebu nipisheni niongeze," akasema, "naona wageni hawajachangamka."

Akainama chini ya meza mbele ya nchi mbili.

Kipimo kikazidi kulia. Kila mtu akamtazama yule mama, naye hajui kosa lake. Pale ndipo roho iliponiuma. Nikasema, "Ni mimi niliyemwagiza. Hayo si makaa ya mawe, ni ubani. Nilitaka mpokewe vizuri."

Mkalimani akatafsiri kwa muda mrefu mno kwa maneno machache niliyosema.

Sato akaja, akakitazama chetezo, akakiweka mbali kabisa. Taa ikarudi kijani. Kisha akaliomba lile kopo kwa mikono miwili. Bi Mwanaisha akampa, akidhani mzee anataka kunusa.

Akalimimina lote kwenye mdomo wa tanuri!

Tukasubiri. Kijani. Tukanusa hadi tukakohoa. Hakuna harufu hata chembe. Kichujio kimemeza udi wote, na Sato akacheka hadi akavua miwani. Akasema hilo ndilo jaribio gumu kuliko yote, na tanuri linabaki Kwale.

Watu wakashangilia, kasoro mmoja.

"Udi wangu wa Omani! Kopo zima, na hata nzi hajanukia! Mashine gani hii ya uchoyo?"

Afisa wa maliasili hapo yuko mbali anaongea na simu ambayo sikuisikia ikilia.

Funzo nililopata, ukimwagiza mtu jambo, mweleze na kinachoendelea pale. Ningetumia dakika moja tu kumwambia Bi Mwanaisha kwamba leo tunapima moshi, yasingetokea yote haya.

Barua ya kazi nimeshaipata, alhamdulillahi. Ila ushauri wenu nauhitaji kweli, hasa mlioko Omani au wenye ndugu huko. Udi mzuri unajulikanaje? Maana ni wiki ya tatu sasa, kila asubuhi nampa Bi Mwanaisha shikamoo yangu kwa unyenyekevu wote, naye ananijibu, "Kaiamkie mashine yako."