Bibi Hayupo

Mimi ni karani wa takwimu katika kliniki ya mama na mtoto, na subira sina, niseme mapema. Mtu akinijia dirishani na kadi iliyolowa maziwa, nitamsema mpaka achoke. Ila kwa Mama Mizani ulimi wangu huwa mzito. Yeye ndiye anayepima watoto uzito chumba cha pili, kwenye mlango wa bluu uliochubuka rangi chini, pale watoto wanapopiga mateke wakiiona mizani. Amenizidi umri kwa mbali, ananiita mwanangu, na kalamu zangu anaziiba mchana kweupe.

Kazi anaiweza, huyo mama, jamani. Mtoto anaingia akilia utadhani anachinjwa, yeye anamwambia, "Njoo, mchumba wangu, mbona umeninyima salamu?" Mtoto ananyamaza kwa mshangao, na papo hapo uzito umeshasomwa. Kisha anambeba kidogo kabla ya kumrudisha kwa mamaye, anamnusa utosini. Wageni wanaona ni mapenzi ya kazi. Sisi wenyeji tunajua kwamba anamkumbuka mjukuu wake.

Enzi zile za madaftari, kliniki yetu ilikuwa na mtindo mmoja. Mama asiyeleta mtoto kupimwa aliandikwa mtoro. Siku ya kliniki, kabla ya kuanza kazi, Mama Mizani alisimama mbele ya mabenchi na kuwasoma watoro kwa sauti, ili majirani wakawaambie. "Mama pacha wa kisimani, mtoro! Mke wa fundi viatu, mtoro!" Akina mama wanacheka, mmoja anadakia, "Nitampitia jioni!" Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa kama kuitwa darasani.

Binti yake wa mwisho, tuliyemwita Kitinda, alijifungulia nyumbani kwa mama. Mtoto alianza vizuri, halafu mstari wake kwenye kadi ukaanza kushuka. Mama Mizani akawa mkali. Anapima watoto wa mji mzima, halafu wa nyumbani kwake ndiye anayekonda? Usiku maneno, asubuhi maneno. Kitinda akaona haya, akaacha kuja kliniki. Basi siku moja Mama Mizani akasoma orodha yake, na mwisho akatabasamu, akasema, "Na binti yangu mwenyewe, mtoro! Msije mkasema napendelea." Benchi zima likaangua kicheko. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Alikuwa amekuja.

Aligeuka, akaondoka, na jioni mama alikuta chumba kitupu na kitanda kimetandikwa. Simu ikawa haipatikani. Ndugu wakaulizwa, hakuna anayejua. Tangu hapo Mama Mizani hakusoma tena watoro. Daftari alinisukumia mimi, akasema macho yanamuuma.

Haya, nisiwachoshe. Ikaja amri kwamba madaftari yanakwisha, tunaingia kwenye mfumo wa kompyuta. Kila mtoto atakuwa na namba moja ya kwenda nayo popote atakapopimwa. Nilinuna, maana nilijua kazi yote ni ya nani. Lakini kijana aliyekuja kutufundisha, tukambandika jina la Bwana Mfumo, alitueleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mtoto akihama kwetu, alisema, huku anabaki mtoro, na kule anaandikwa mgeni. Mtoto mmoja anahesabiwa mara mbili, na mara zote mbili kwa makosa. Nikakumbuka watoro wote niliowajumlisha na kuwapeleka juu mwezi baada ya mwezi, nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Neno mtoro likafutwa. Sasa tunaandika "hajaonekana". Tena kukaongezwa mambo ambayo vituo vingi vilikuwa vimeyalilia: mama naye apimwe mkono kwa utepe wa rangi kama mtoto, aulizwe anakula mara ngapi, na aulizwe nani anamlisha mtoto yeye akiwa kazini. Baba yupo? Bibi yupo? Mama Mizani alipousikia ule utepe wa mama alishika tama. Baadaye tukiwa tunaosha vikombe akaniambia, "Mwanangu, mimi nilimpima mtoto tu. Yule msichana alikuwa anamnyonyesha huku yeye mwenyewe hali. Nilimwona kila siku na sikumwona." Nikamwambia asijitese. Yangekuwa maneno ya maana kama ningejua mengine ya kuongeza.

Kazi yangu ikawa kuwatafuta watoro wa zamani, mmoja mmoja, kwenye kile kishikwambi tulichopewa. Lo! Wengi wao walikuwepo, wazima, wamenenepa, wanapimwa miji mingine kabisa. Nilikuwa nikipiga kelele, "Mke wa fundi viatu kapatikana!" na chumba kizima kinashangilia. Mama Mizani alikuwa akija nyuma ya kiti changu na kusimama.

"Bado?"

"Bado, mama."

Hakuwahi kutaja ni nani. Anarudi kwenye mizani yake, na mimi nabaki na moyo mzito kama vile ni mimi niliyempotezea.

Asubuhi moja nikaandika tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu na jina la mama yake, kama nilivyokwisha kufanya mara nyingi, na safari hii akatokea. Nilimfuata Mama Mizani mpaka chumba cha pili, nikamvuta mkono mbele ya watu, mtoto wa watu ananing'inia kwenye mizani. "Mteremshe huyo. Njoo."

Akasoma mwenyewe, kidole kwenye kioo. Mstari wa mtoto ulikuwa umepanda, ukatulia mahali pazuri. "Kijana amekuwa mzito," alisema, akacheka, akajifuta pua kwa kanga. "Na mama yake?" Nikamwonyesha mkono wa mama: kijani, salama. Hapo alikaa chini. "Anakula," alisema. "Mwanangu anakula."

"Yuko kituo gani?"

Sikuweza kumwambia, kwa sababu hata mimi sikuonyeshwa. Kituo na simu hufichwa mpaka mama mwenyewe akubali. Sista mkuu wa kliniki alikwisha kutuonya kwamba habari za watoto si za kupelekeana vibarazani. Nilikuwa naanza kumweleza hayo nikaona kidole chake kimesimama chini kabisa ya ukurasa. Baba wa mtoto: yupo. Bibi mzaa mama: hayupo.

"Hayupo vipi?" aliniuliza.

Kwetu aliyekwenda sokoni hayupo, na aliyezikwa pia hayupo.

"Labda waliuliza kama yupo nyumbani," nilisema.

"Au kaniua." Hakulia. Heri angelia. "Wewe si ndiye unayesahihisha makosa? Sahihisha. Mimi nipo."

Sista mkuu alikuna kichwa, lakini akakubali: taarifa yenye shaka inarudishwa kituo kilichoiandika, mama aulizwe upya. Ndiyo kanuni, kwa mtoto yeyote. Nikaandika: "Bibi mzaa mama yupo. Tafadhali hakikini." Kisha tukangoja siku yao ya kliniki.

Kungoja kule, msione. Mama Mizani alipima watoto, akakosea kusoma, akapima upya. Aliniletea kalamu zangu zote, nikajua hali ni mbaya. Mara alitaka jibu lije, mara aliniomba nisifungue. "Akisema nimekufa mara ya pili," alisema, "hapo nitakuwa nimekufa kweli."

Jibu lilikuja kliniki ikiwa imejaa. Nilimwita, akaja na utepe shingoni. Nikamsomea: "Tumemuuliza mama wa mtoto. Amesema aandikwe: yupo, lakini yuko mbali."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Yupo," alisema, na machozi yakaanza kumtoka, hata hakuyafuta. Halafu uso ukambadilika. "Mbali? Mimi niko mbali? Mimi si niko hapa hapa? Nyumba ile ile, kazi ile ile, mlango sifungi mpaka niwe nimechungulia barabarani! Mwambie, mwanangu. Mwambie."

"Mama, mfumo hauna mahali pa kumwambia mtu."

"Patafute."

Watu kwenye mabenchi macho kodo. Nikatafuta. Chini kabisa kuna kisanduku cha maoni ambacho hakuna anayekijaza. Nikaandika: "Bibi wa mtoto anasema hajahama."