Mbwa Asiyepukutisha Manyoya

Fidélie hakuwa mtu wa kukaa. Hata akisuka, alisuka amesimama, na mteja aliyetaka mistari midogo midogo alijua kabisa kwamba atageuzwa kichwa huku na huku hadi shingo iume. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yao Kolwezi, kwenye barabara ya malori yaendayo Kingamyambo. Kati ya mteja mmoja na mwingine alikuwa ameshafagia, ameshapanga vitana, ameshachungulia chumbani kuona kama Gloire anapumua vizuri. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Gloire, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka minane, na tangu mvua zilipokatika alikohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Akilala, kifua kilipiga filimbi.

Daktari wa zahanati alimsikiliza mtoto, akasema huenda ni mzio, kisha akauliza nyumbani kuna nini: moshi, vumbi, wanyama? Fidélie alisikia neno moja tu. Wanyama. Alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeibiwa, akamkuta Komando amejinyoosha kizingitini, anajikuna.

Komando alikuwa mbwa wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Manyoya yake yalikuwa kila mahali: kwenye mkeka, kwenye sahani ya ugali wa bukari, hata kwenye nywele za bandia za wateja. Mwenye macho angeona hakuwa akilala ndani. Lakini Fidélie akishashika jambo, halimtoki.

Shida ni kwamba nyumba ile haikuweza kukaa bila mbwa. Mumewe, Zéphirin, alinunua mawe ya kobalti kwa vijana wachimbaji, na kama wanunuzi wenzake wengi wadogo, aliyaweka nyumbani akingoja bei ipande. Uani yangebebwa. Stoo ingevunjwa. Kwa hiyo magunia yalipangwa chumbani kwa Gloire, nyuma ya kitanda, na mbwa ndiye aliyeyalinda.

"Pasipo imbwa, bevi batatumaliza," Zéphirin alisema, akiwaogopa wezi.

"Nani anasema tubakie pasipo imbwa? Minasema tutafute ingine, yenye haiangushake manyoya."

"Imbwa ya vile iko?"

"Iko. Mama Louise wa jirani aliiona Lubumbashi. Banaiita kanishi. Nywele kama ya kondoo, na inalalaka mu fotei, kiti ya bazungu!"

Zéphirin alicheka mpaka akajifuta machozi, lakini kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi chumba cha pili, na kicheko kikamwishia njiani. Jumamosi hiyo Komando alifungwa kamba, akapandishwa nyuma ya gari la mizigo kwenda Tenke, kwa Omer, kaka yake Zéphirin, mfanyakazi wa reli. Gloire alilia hadi kikohozi kikamshika, akainama akishikilia ukuta.

"Munaona?" Fidélie aliwaambia majirani, kidole kikimwelekea Komando garini. "Munaona manyoya ile?"

Ndipo ukaanza msako. Fidélie hakumwamini mwenye mbwa yeyote, kwa sababu mwenye mbwa husifu mbwa wake. Aliamini kitana. Alitembea na kile cha meno membamba, cha kutolea mba, pamoja na kitambaa cheupe. Mlinzi mmoja, Mukuna, alimletea jibwa la kizungu lenye masikio wima, akaapa kwamba haliangushi hata unywele. Fidélie alilichana mara moja, kitana kikajaa hadi kikakwama. "Tata Mukuna, hii utashonea godoro," akamwambia, akaenda zake. Mwingine alikuwa na kambwa kadogo, manyoya mafupi kama yamenyolewa. Hapo alikaribia kudanganyika. Alikasugua kwa kitambaa, kikajaa vinywele kama sindano, na sindano hizo hazikung'utika. Alirudi amenuna, akafagia nyumba nzima upya.

Mwishowe akampata Tata Kabasele, mfanyabiashara wa Dilolo aliyeleta sabuni, samaki wakavu na mara mojamoja mbwa kutoka ng'ambo, Angola. Ndani ya kikapu alikuwa na kanishi jeupe, limejikunja kwa woga. Fidélie alichana mgongo, akachana tumbo, akachana nyuma ya masikio kama anamwandaa bibi harusi. Kitana kilitoka kitupu. Alikiangalia juani, pande zote mbili. Kitupu! Alicheka peke yake njia nzima.

Walimwita Bijou. Alibweka vizuri kwa umbo lake, na kwa kuwa hakupukutisha kitu, alipewa heshima ambayo Komando hakuwahi kuiota: kulala ndani, miguuni pa Gloire, mbele ya magunia. Fidélie alimkataza kabisa kutoka nje, asije akaokota uchafu wa barabarani.

Kikohozi hakikuisha. Kilizidi. Wiki zikapita, Gloire akawa analala ameketi, na Fidélie akawa hatulii hata kwa mteja, mara mbili akasuka mstari ukaenda kombo. Kisha Bijou naye akaanza kupiga chafya. Na weupe wake ulikuwa umepotea, amekuwa rangi ya jivu.

Asubuhi moja Fidélie alimtia kwenye beseni, akamwosha kama anavyoosha kichwa cha mteja. Nywele zisizoanguka hushika kila kitu, hilo alilijua kwa vichwa vya watu, ila hakuwahi kulifikiria kwa mbwa. Alipomchana, maji yakawa meusi. Akayamwaga nusu, akaongeza mengine, yakawa meusi tena, na chini ya beseni likatua tope laini lenye kumeremeta.

Mkono wake ukasimama. Vumbi la barabara ya Kolwezi ni jekundu. Na Bijou hajawahi kukanyaga barabara. Weusi ule Fidélie aliujua vizuri, aliufua kila wiki kwenye suruali za mumewe.

Alikimbia chumbani, akapiga godoro la Gloire kwa kiganja. Likapanda wingu. Akaona magunia yaliyochanika pembe, akaona ufagio wake uliosimama pale pale, ule aliofagilia chini ya kitanda kila alipopata nafasi, akiilisha hewa vumbi huku mtoto akiwa hapo. Fidélie alilia kwa sauti, kwa hasira na kwa aibu. Kisha akashika gunia la kwanza, akaanza kulivuta.

Zéphirin alifika akakuta matatu yako uani.

"Mama Gloire! Unafanya nini? Bei itapanda!"

Fidélie alimwekea beseni mbele ya miguu.

"Kunywa."

"Nini?"

"Kunywa ile mayi, Tata Gloire. Ni ile ile mutoto anavutaka na pua mu ile chumba yako ya magunia."

Zéphirin aliangalia beseni, akamwangalia Bijou anayetetemeka, mweupe upya. Akainama, akashika upande wa pili wa gunia. Jioni chumba kilikuwa kitupu na mawe yamekwenda kwa bei iliyokuwepo.

Fidélie alipiga deki kuta hadi dari. Filimbi haikunyamaza mara moja, ilipungua polepole, usiku mmoja ikisikika, mwingine isisikike. Ilipokaa kimya kabisa alipanda gari mwenyewe hadi Tenke. Komando alimtambua kwa mbali, akatikisa mkia, wala hakumnunia, na Fidélie akamrudisha nyumbani.

Mchana huo Gloire alijilaza mkekani, uso ameuzika shingoni mwa mbwa, manyoya ya udongo yamemganda shavuni. Fidélie alisimama mlangoni na ufagio, masikio wazi. Mtoto alipumua bila kelele.

"Mama," Gloire alisema bila kuinua kichwa, "Komando alifanya nini, mulimufukuza?"

"Hakufanya kitu, mama. Mi mwenyewe njo nilikosa."

"Na yeye alijua hakufanya kitu?"

Fidélie aliegemeza ufagio ukutani. Akaketi chini mkekani, karibu na mbwa, na hakuinuka hata mteja alipobisha.