Sakafu ya Pijo

Kabaiti ikiguswa na maji hutoa harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na mpaka leo nikiinusa mahali popote natafuta pa kukaa. Waliokulia Sumbawanga miaka yangu wataijua, maana ndiyo iliyotengeneza gesi ya kuchomelea wakati umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Likizo yangu ya darasa la tano niliimaliza ndani ya harufu hiyo, kwenye uwanja wa Fundi Ladislausi kule Kizwite. Ilikuwa kipupwe. Upepo wa Ufipa ulitupasua midomo, mama zetu wakatupaka mafuta ya alizeti mpaka masikioni, na mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani, kwa hiyo hakuna aliyenihitaji nyumbani. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani nililazimishwa kwenda. Nilikwenda kwa miguu yangu, kila asubuhi, na nilipapenda.

Baba alikuwa bwana shamba, mtu wa Mbeya aliyeletwa Rukwa na kazi ya serikali. Alikuwa na gari, Pijo la zamani, jeupe, refu kwa nyuma, alilolipenda kuliko alivyotupenda sisi. Hilo nalisema bila utani. Kila aliposhuka Kasanga kukagua mashamba alirudi na magunia ya dagaa na migebuka iliyotiwa chumvi, mama akauza sokoni. Mama alimwambia atandike nailoni chini ya magunia. Baba alijibu kuwa gari si kitanda cha mtoto mchanga. Basi maji ya chumvi yakachuruzika miaka minne, yakaingia chini ya zulia, yakakaa humo yakifanya kazi yao kimyakimya. Jumapili ya komunyo yangu ya kwanza tulipita kwenye dimbwi, na tope likaruka kutoka miguuni kwangu, kupitia sakafu, likatua kwenye gauni jeupe. Gauni lile alikuwa amelishona Mama Tereza, mke wa Mwalimu Deusi. Hao wawili ndio waliotupokea tulipofika Ufipa bila nyumba, wakatupa chumba chao miezi mitatu wao wakilala sebuleni. Mama Tereza alikuwa na mguu mmoja mbovu tangu utotoni, lakini cherehani yake ya kukanyaga aliiendesha kwa ule mzima, na hakuna fundi mjini aliyempita.

Ndipo baba alipolipeleka gari kwa Fundi Ladislausi, ambaye wote tulimwita Ladi. Aling'oa viti, akatoa tangi la mafuta na kuliweka mbali na moto, kisha akaanza kuligongagonga gari kwa nyundo ndogo, kichwa kikiwa ndani ya buti. Alikuwa anasikiliza. Chuma kizima kinalia, aliniambia. Chuma kilicholiwa na kutu kinanyamaza hata kama rangi yake inang'aa. Alinipa nyundo na chaki, akanifundisha kuzungushia mstari kila mahali palipokuwa pamenyamaza. Baada ya siku tatu nilikuwa nasikia kama yeye. Bati jipya halikuwepo mjini, kwa hiyo alipasua pipa tupu la mafuta ya taa, akalinyoosha juu ya gogo kwa nyundo ya mti, akaligongea mifereji ifanane na ile ya zamani, kisha akakata sehemu mbovu kwa tindo na kulishona bati mahali pake kwa moto wa gesi. Buti lote akalimaliza hivyo. Sakafu ya kulia akaimaliza. Nilipopita na nyundo yangu kukagua, kila mahali palilia, na Ladi alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Sijawahi kufundishwa na mwalimu mwenye subira kama ile.

Upande wa kushoto ndio uliokuwa umebeba magunia. Chaki yangu ilikwenda, ikaenda, mpaka kwenye boriti inayoshika kiti na springi. Ladi alipagonga mwenyewe mara mbili, akaweka nyundo chini. Siku hiyohiyo baba alifika na barua ya uhamisho mkononi: alitakiwa Tabora ndani ya wiki mbili. Ladi akamwambia, "Bwana Shamba, hapa panataka wiki nzima na pipa jingine. Boriti imekufa." Baba akasema hana wiki, na gari limeshapata mtu wa kulinunua. "Funika tu. Piga bati juu, weka puti, paka lami." Ladi alikataa. Baba akamkumbusha nani alimpatia kiwanja kile, na nani aliyezungumza na watu wa halmashauri ya mji alipotaka kufukuzwa. Nilikuwa nimesimama na chaki. Ladi alilifunika bati bovu kwa bati zima, akalisawazisha kwa puti na msasa, akamwaga lami juu, na muda wote huo hakunitazama. Jioni mistari yangu yote ilikuwa imepotea chini ya weusi unaong'aa.

Mtu aliyepatikana alikuwa Mwalimu Deusi. Alikuwa amehamishiwa shule ya upande wa Kaengesa, na mkewe hakuweza kupanda malori kwenda hospitali. Alikuja kwetu Jumamosi, Ladi hayupo, akalizunguka gari, akainama, akapapasa lami. Baba alisema sakafu yote ni mpya. Mwalimu akatabasamu, akaniita. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Nasikia umekuwa fundi. Hebu niambie wewe, kutu waliikata yote?" Baba aliniwekea mkono begani. Hakunibana, uliwekwa tu. "Mama, mwambie Mwalimu," akasema. Aliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na aliniita hivyo pale tu alipofurahi. Nikasema, "Waliikata yote." Mwalimu akacheka, akasema basi hana haja ya kuuliza zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijua nilichokisema, na nilijua hasa mahali kutu ilipobaki, kwa kipimo cha shubiri.

Barua ilitufikia Tabora masika. Kwenye mteremko karibu na Kaengesa boriti ya kushoto ilikatika, kiti cha nyuma kikazama, na mguu wa Mama Tereza, ule mzima, ukashuka na sakafu ukakutana na barabara. Walimkata chini ya goti. Baba aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akamwambia mama, "Ladi kaharibu kazi." Kisha akakaa mezani akamwandikia Mwalimu hivyohivyo, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Mimi ndiye niliyetumwa posta. Ningeweza kuichana njiani. Niliipeleka, na nilimchukia baba tangu siku ile, na kumchukia yeye kulikuwa rahisi kuliko kujichukia mimi.

Baba alifariki mwaka juzi. Msibani watu wa ofisi walisimama mmoja mmoja wakamsifu kwa ukweli wake, na nilipika chai yao. Nilipomaliza arobaini nilipanda basi kwenda Sumbawanga. Sasa kuna lami mpaka Kasanga, magari yanaletwa kutoka ng'ambo yameshapakwa rangi, na vijana wa Kizwite wanachomelea kwa umeme huku simu zinapiga muziki. Hakuna anayegonga na kusikiliza. Sisemi zamani kulikuwa bora. Zamani kulikuwa na fundi aliyejua na mtoto aliyejua, na haikusaidia kitu.

Nilimkuta Mama Tereza barazani, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia chaki. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Kwa hiyo Ladi alisema kweli." Akaeleza kuwa Ladi, akiongozana na mke wake, alikuja kwao baada ya ajali, akasema Bwana Shamba alimkataza kukata. Mwalimu akamwuliza, mbona mtoto alisema mmekata? Wakamfukuza kama mwongo, na habari zikaenea mjini. Hakuna aliyempelekea hata wilibaro tena. Alikwenda kubeba mizigo bandarini Kasanga, akafia huko.

Mwalimu alitoka ndani akipapasa ukuta. "Mwambie mwenyewe," Mama Tereza akasema, "na useme kwa nguvu, hasikii vizuri." Nikasema, "Nilidanganya, Mwalimu." Akauliza, nini? Nikarudia. Akainamisha sikio. Ikanibidi nipige kelele, majirani wakasimama na ndoo zao: "Nilidanganya! Hawakuikata! Ladi hakuwa na kosa!" Safari hii alisikia. Alishika mhimili wa baraza, na alipozungumza hakuwa na hasira, na ningeomba awe nayo.

"Umenichelewesha, mwanangu," akasema. "Ningekwenda kumwomba radhi akiwa hai."